Malaika wa Jalada la Kwaya

Jamani, nichekeni tu. Kwaya yetu ya Makutupora ilikuwa inazindua albamu, nami nikajitolea kutengeneza jalada. Mtandaoni nikaokota malaika mwenye mabawa ya moto, amekanyaga fuvu. Fuvu nikalifunika kwa kichala cha zabibu, kisha nikatangaza kuwa nimechora mwenyewe. Nikapigiwa vigelegele!

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi, mchungaji mzee kutoka mjini, alilikodolea macho bango letu lenye picha ya jalada.

“Shikamoo, baba mchungaji,” nikasema, nikisubiri sifa.

“Marahaba. Ni wewe uliyechora?”

“Ndiyo, baba.”

Akasogeza maikrofoni mdomoni. “Ujanani nilipenda bendi moja ya roki nzito. Albamu zao ninazo mpaka leo. Sasa, mwanangu, lile fuvu umelipeleka wapi?”