Namba ya Picha ya Bi Kache

Watu hudhani kwamba hospitalini daktari ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi nilikaa miaka tisa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali moja ya binafsi huko Ukunda, na nawaambia si kweli. Mwenye neno la mwisho alikuwa Ngui.

Ngui alizaliwa Shimba Hills, mtoto wa Wakamba waliokuja kulima huko. Kazi yake ilikuwa kusoma cheti cha daktari, kisha kuchagua namba ya kupeleka kwa watu wa bima. Picha ya kifua ina namba yake, ya kichwa ina yake, na ya kichwa yenye dawa ya kudungwa mshipani ina nyingine tena. Randu wa chumba cha mashine hakusoma cheti. Alipiga picha kwa kufuata namba ya Ngui, maana bima haikukubali kisichoandikwa. Ndivyo tulivyofanya kazi, na hakuna aliyeona ubaya.

Mwaka 2015 akaja Bi Kache, mfugaji kutoka upande wa Kinango, kichwa kikimuuma tangu mvua za vuli. Daktari aliandika picha yenye dawa, kwa sababu bila dawa uvimbe mdogo hujificha. Lakini kibali cha bima kwa namba hiyo kilichukua wiki mbili.

"Shikamoo, mama," Ngui akamwambia. "Itabidi urudi baada ya wiki mbili."

"Marahaba, mwanangu. Wiki mbili? Mbuzi wangu nimewaacha kwa jirani, naye mwenyewe hajiwezi. Nifanyie leo, Mungu atakulipa."

Ngui alikuwa na moyo laini. Nampenda kwa hilo, na kwa hilo hilo namkasirikia hadi leo. Aliandika namba ya picha isiyo na dawa, na kibali kikaja kabla ya adhuhuri. Picha ikatoka safi. Bi Kache akarudi kwa mbuzi wake, akitushukuru sote.

Miezi mitano baadaye mwanawe, Mangi, alimleta akiwa hajitambui. Safari hii Ngui aliandika namba yenye dawa, akaongeza neno dharura. Kibali kilikuja kwa dakika ishirini. Uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa limau, na Bi Kache hakumaliza wiki.

Baada ya matanga Mangi alikuja dirishani akivuta mbuzi jike mweupe.

"Mama ameacha wasia," alisema. "Huyu ni wako, kaka Ngui. Alisema wewe peke yako ndiye uliyemwonea huruma."

Nilimtazama Ngui. Midomo yake ilifunguka, nikajua anatafuta namna ya kusema ukweli. Mimi nami niliujua, na nikamwita mgonjwa aliyefuata.

"Asante," Ngui akasema, akapokea kamba.