Samaki Pembeni mwa Ukurasa

Kosa langu la kwanza katika kazi ya habari nililifanya kabla sijaota ndevu, nikiwa nimesimama juu ya benchi katika chumba cha Papa Yasini, kule Kamembe, mji wa mpakani unaotazamana na Bukavu, nyuma ya soko. Nilisoma habari iliyotoka Japani, nikaulizwa kama ni ya kweli, nikajibu ndiyo. Nimekosea mengi tangu siku hiyo, na mengine ni makubwa zaidi. Lakini hilo ndilo linalonijia kila ninapokaa kuandika, hata leo, na ndilo linalonifanya nifute sentensi moja mara kumi kabla ya kuiacha iende.

Ninyi tuliokua pamoja, miaka ile vita vilipokuwa ng'ambo ya mto na huku kwetu watu wakijifunza upya kusalimiana, hamhitaji kuelezwa. Mnaukumbuka mpira wa majani ya migomba, ambao mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama jiwe na bado mtu aliupiga kichwa kwa sababu ya heshima. Mnazikumbuka biye zetu, zile gololi za kioo, na namna mvulana mzima alivyoweza kulia kwa kuipoteza ile ya buluu. Mnaikumbuka harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, zikikaangwa, na sauti za mama zetu: "Mutoto anayekula amesimama, chakula kinaenda mu miguu!" Darasani tulibanana kwenye dawati moja kama vitunguu kwenye gunia. Kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyelikataza na hakuna aliyeliuliza: baba yako yuko wapi?

Kisha mnaikumbuka jeu. Hatukuwa na jina lingine. Ilikuwa mashine ya kijivu ya michezo ya video, iliyotengenezwa Japani, ikiwa imeunganishwa na televisheni nene ambayo kioo chake kilikuwa kikivuta nywele za mkono ukikisogelea. Jicho lake la kusoma CD lilikuwa limechoka, kwa hiyo tuliipindua, tumbo juu, ndipo ikubali kusoma. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hata Wajapani wenyewe huichezea ikiwa imepinduliwa.

Papa Yasini, mwenye chumba, alikuwa mfanyabiashara wa vyombo. Alivuka daraja kwenda Bukavu na kurudi na vikombe na sahani, na vikombe hivyo vilifungwa kwa kurasa za magazeti ya Kifaransa. Mungu peke yake anajua ni nani aliyeyauza kwa kilo, lakini mengi yalikuwa magazeti ya michezo ya video. Hayakuwa na majalada. Hayakuwa na tarehe. Habari zilifika Kamembe zikiwa zimekunjamana, zikinuka bandari na vumbi, labda zina umri wa mwaka mzima, nasi tulizipokea kama zilizotokea asubuhi hiyo.

Kazi ya kuzikunjua ilikuwa yangu. Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Bukavu, na kule nilikuwa nimeonja Kifaransa kidogo shuleni. Kilichobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kurasa hizohizo na kamusi iliyokosa herufi tatu za mwisho. Wavulana waliokuwa wakingoja zamu walinipandisha kwenye benchi.

"Jurnalisti! Bajapani banasema nini leo?"

Nami nilisoma na kutafsiri. Tulijua ni mtengenezaji gani aliyegombana na mkubwa wake akahama kampuni. Tulijua ni nani aliyechelewesha mchezo wake tena kwa sababu nywele za shujaa hazikupepea vizuri. Wengine walimcheka huyo. Mimi nilimpenda, maana daftari langu nililifuta mpaka karatasi ikatoboka. Majina yao niliyatamka hovyo, lakini kwa uhakika mkubwa. Uhakika ndio ulionipa lile benchi.

Papa Yasini alikuwa na sheria moja. Kila adhana iliposikika, mashine ilizimwa, nayo ikakaa kimya mpaka swala iishe. Hakuisema kama mambo ya dini tu. "Machini haina kinywa," alikuwa akituambia, sisi Wakristo na wanawe pamoja. "Ikichoka haisemi. Inakufa tu." Basi tulitoka nje tukacheza biye, na mashine ikapoa.

Ule ukurasa wa samaki ulikuja umefunga birika. Uliuhusu mchezo wa ngumi tulioucheza kuliko yote. Mtengenezaji wake, akihojiwa, alisema kwamba amemficha ndani yake mzee mmoja, mwalimu wa wapiganaji wote. Mzee huyo atamtokea yeyote atakayewashinda wote kwa kutumia kila mpiganaji, mmoja baada ya mwingine, bila kushindwa na bila kuzima mashine hata mara moja. Pembeni, chini kabisa, palichorwa samaki mdogo anayecheka. Sisi ni watu wa ziwa, samaki hatushangazi. Nilidhani ni tangazo la sambaza za Wazungu.

Chumba kililipuka kwa kelele, kisha kikanyamaza, maana kila mmoja aliwaza jambo lilelile: adhana.

Mambo yangeishia hapo. Lakini wiki hiyo Papa Yasini alivuka daraja asubuhi, kama kawaida yake, na mchana tukasikia mizinga upande wa pili. Haikuwa karibu, ila mabati yalitetemeka. Jioni watu wakasema daraja limefungwa. Siku iliyofuata hakurudi, wala iliyofuata. Maman Rama, mkewe, aliendelea kufungua chumba kwa sababu jeu ndiyo iliyokuwa ikileta unga nyumbani. Akikupa maneti, kile kidude cha kuchezea, mkononi, macho yake yalikuwa barabarani.

Mwanawe Ramazani, Rama kwetu, alikuwa rafiki yangu, na mwenye vidole vyepesi kuliko sote. Alinivuta nyuma ya chumba, karibu na jiko.

"Rudilia pale. Soma tena."

Nikasoma.

"Bila kuzima hata kidogo?"

"Bila kuzima."

Akatikisa kichwa polepole. "Ule muzee akitokea, papa atarudi."

"Rama, hayo hapa hayamo."

"Najua. Hiyo ni mimi naongeza." Kisha akanikazia macho. "Lakini ule muzee. Weye njo unasoma. Iko kweli ao hapana?"

Nataka niwe mkweli hapa, kwa kuwa sikuwa mkweli pale. Maneno yote niliyaelewa. Nilikuwa nimeyapitia yote kwa kamusi. Kilichonisumbua kilikuwa sauti ya habari yenyewe. Ilikuwa na furaha kupita kiasi. Mtengenezaji yule, ambaye siku zote alijibu kama mwalimu wa hesabu, safari hii alicheka katika kila jibu. Nilihisi kuna kitu, na sikujua ni kitu gani. Jibu sahihi lilikuwa "sijui". Lakini Jurnalisti anayesema hajui anashushwa kwenye benchi, na mimi benchi lile ndilo nililokuwa nalo.

"Iko kweli," nikasema. "Baliandika."

Tulianza asubuhi, wakati wa likizo. Rama alikaa kwenye mkeka, maneti magotini. Juu ya tumbo la mashine tuliweka kitambaa kilicholowa maji, na taa yake ndogo tuliiziba kwa ubani wa bazoka uliotafunwa. Mvulana mmoja alisimama mlangoni kuangalia njia. Kila balbu ilipofifia, sote tuligeuza shingo kuelekea Mururu, unakotoka umeme, kana kwamba umeme unaombwa kwa macho. Hakuna aliyeomba zamu. Hakuna aliyetania. Sijawahi kukaa mahali penye watoto wengi namna ile na kelele kidogo namna ile.

Adhuhuri ilipofika, tulizima televisheni tu. Maman Rama akaingia.

"Batoto, mumezima?"

"Tumezima, maman."

Kioo kilikuwa cheusi. Alikwenda kuswali chumba cha pili, nyuma ya pazia, nasi tukabaki tumekaa. Ndipo tukasikia kile ambacho makelele yetu yalikuwa yakikificha siku zote: CD ikizunguka ndani ya mashine. Shiii, shiii, shiii. Nilikohoa ili kuifunika. Mwingine akakohoa. Mwishowe chumba kizima kilikuwa na kifua.

Rama aliendelea. Alishinda kwa yule mnene, akashinda kwa yule mwanamke mwenye nyuzi za dhahabu, akashinda kwa kiwete ambaye hakuna aliyempenda. Mizinga ilianza tena ng'ambo na vikombe kwenye rafu vikagongana. Hakupepesa macho. Alasiri ikaja, tukazima televisheni tena, tukakohoa tena. Alibaki mpiganaji mmoja.

Baada ya swala Maman Rama alirudi atuwashie. Aliweka mkono juu ya kitambaa, akauondoa haraka.

"Iko moto." Akatutazama mmoja mmoja. "Munaniambia mumezima. Hapa banapika chai?"

"Maman, imebaki mumoja tu," Rama akasema, na sauti yake ikakatika. "Tukimaliza, papa anarudi. Jurnalisti alisoma."

Macho ya mama yakanigeukia. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa ndefu vya kutosha mtu kusema neno moja. Niliinama nikainyoosha kona ya mkeka.

Maman Rama hakunyoosha mkono kuizima. Alisogeza wavulana wawili, akaketi kwenye benchi katikati yetu, mwanamke mzima, akavuta kitenge magotini.

"Piga basi," akasema.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo mizinga haikunipa. Mtoto akiniamini, nilikuwa mtoto mwenzake. Sasa mama naye alikuwa akingoja kwa sababu ya neno langu.

Rama alishinda. Mpinzani wa mwisho alianguka polepole, jinsi walivyoanguka siku zote, na hatukushangilia. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, majina ya wote walioutengeneza mchezo, orodha ndefu ya watu wa mbali ambao nilidhani nawajua. Tulimngoja mzee nyuma ya kila jina. Majina yakaisha. Kioo kikarudi mwanzo, pale panapokuambia ubonyeze kitufe, na mashine ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikakwaruza mara chache, ikanyamaza.

"Soma tena," Rama akaniambia.

Niliushika ukurasa. Niliunyoosha gotini.

"Acha," Maman Rama akasema, akikunja kitambaa kile kilichokuwa kimekauka. "Acheni. Muende nyumbani."

Mashine haikuwaka tena, si tumbo juu wala mgongo juu. Nyumba yao ilikula viazi vitamu vya shangazi wa Rwimbogo. Sikupita mbele ya mlango wao. Nilizunguka kwa njia ya juu, nikijiambia kwamba naharakisha.

Kisha daraja likafunguliwa, na Papa Yasini akaja kwa miguu katikati ya watu wenye magodoro vichwani, naye amebeba sanduku la vikombe, kana kwamba vita vilikuwa mvua tu na yeye alijikinga chini ya paa la mtu. Maman Rama alikimbia barabarani mikono ikiwa na unga. Rama hakukimbia. Alisimama akimtazama mpaka baba akamwita kwa jina.

Niliitwa kukunjua vikombe, kwa sababu kazi ni kazi. Papa Yasini alikuwa ameiinua mashine, ameiweka sikioni.

"Ilikuwa inapumzika?"

"Hapana, papa," nikasema. "Ni mimi niliyesoma vibaya."

Hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. "Nilibaambia haina kinywa," akasema, akaiweka juu ya rafu, kati ya sahani.

Kwenye kikombe cha tatu au cha nne nilimkuta samaki tena, safari hii mkubwa, katikati ya ukurasa wa barua za wasomaji. Gazeti lilikuwa likiwacheka wote waliomtafuta yule mzee. Kumbe kwa Wafaransa siku ya kwanza ya Aprili watu hudanganyana, na mchoro wa samaki ndiyo sahihi ya mzaha huo. Kila mtoto wa kule anajua. Sisi tulikuwa na ukurasa usio na mwezi.

Nilimpelekea Rama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamgusa yule samaki kwa kidole.

"Sisi samaki tunakula," akasema. "Beye banachekea naye." Kisha akanisukuma begani. "Sha, si papa alirudi?"

Chumba kikawa ghala la vyombo. Jeu nyingine haikununuliwa.

Leo watoto wa dada yangu wanapata habari ya mchezo kabla mchezo haujatengenezwa. Mtengenezaji akipiga chafya kule Japani, wao wameshaona video yake na wameshamtukana. Wakingoja dakika chache mchezo ushuke kwenye simu wanaugua kama wajawazito. Hawajui kukohoa pamoja ili kuificha sauti ya CD, na sijui kama niwaonee wivu au huruma. Sisi tuliamini karatasi iliyofunga birika. Wao hawaamini chochote, na bado wanadanganywa kila siku.

Mimi naandika habari hizohizo, kwa Kiswahili, kwenye mtandao. Bado nafuta mno. Rama anauza vyombo Bukavu, na saa za swala simu yake haipatikani. Juzi alinipigia kuniuliza kuhusu mchezo mpya wa ngumi ambao kila mtu anausema.

"Jurnalisti, utatoka kweli mwaka huu?"

"Sijui, Rama."

Akacheka. "Umezeeka."

Labda. Lakini siku hizi, nisipojua, nasema sijui.