Silikoni Iliyoganda Nusu

Kazini walimwita Mama Gundi, naye aliitika. Kabla ya kusomea sheria ukubwani, alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha plasta za vidonda, akichanganya gundi mpaka vidole vikashikana. Sasa alikuwa mmoja wa wajumbe watatu wa baraza la rufaa za hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi.

Siku hiyo mezani palikuwa na rufaa ya muuguzi wa wodi ya walioungua. Alikuwa amebuni plasta ya tabaka mbili: chini silikoni laini, juu utando wa plastiki wenye vitundu vya kupitisha hewa. Ukiibandua, ngozi haichuniki. Mkaguzi wa maombi alimnyima hataza. Alisema hati moja ya zamani inaeleza silikoni, nyingine inaeleza utando wa vitundu. Fundi yeyote wa kawaida angeziunganisha, kwa hiyo hapana uvumbuzi.

"Kesi nyepesi," alisema mwenyekiti. "Moja jumlisha moja."

Mama Gundi akacheka. "Mzee, ungetuona kiwandani na hiyo moja jumlisha moja! Silikoni ilipenya kwenye vitundu, plasta zote zikagandana, tukatoka na tofali."

Mjumbe wa tatu, mwanasheria asiyependa porojo, akatikisa kichwa. "Nakuamini, dada. Lakini hatuamui kwa kumbukumbu zako. Hilo liko wapi jaladani?"

Neno lilimchoma Mama Gundi, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Akajifungia ofisini na chupa ya chai, akazisoma hati zote mbili neno kwa neno. Ile ya utando ilichosha ajabu. Ukurasa wa thelathini na moja, chini ya jedwali, mwandishi alionya: gundi za silikoni zisitumike hapa, huvuja kwenye vitundu. Mama Gundi akapiga meza, kikombe kikaruka.

"Njooni mwone!" aliita koridoni. "Hati ya mkaguzi mwenyewe inamkataza fundi!"

Rufaa iliposikilizwa, alimuuliza muuguzi, "Ulijuaje kwamba haitavuja?"

"Sikujua, mheshimiwa. Niliharibu mara sitini na kitu. Siku moja nikaitwa wodini haraka, nikaiacha silikoni mezani. Kurudi, imeganda nusu. Nikaona nisiitupe, nikailaza kwenye utando. Ikatulia."

Hata mkaguzi alitabasamu.

Hukumu aliiandika mwenyekiti mwenyewe: fundi wa kawaida, akiwa na hati zile mbili mkononi, angeikimbia silikoni; na hakuna hati iliyomwonyesha kuigandisha nusu kwanza. Rufaa ikakubaliwa. Muuguzi akawapigia simu wenzake wa wodini, na vigelegele vyao vikavuma simuni mpaka karani akatoka kuuliza harusi ni ya nani.

Nyumbani, mume wa Mama Gundi, fundi cherehani, alimkuta akizunguka sebuleni na kanga mabegani.

"Umeshinda?"

"Mimi hakimu, baba. Hakimu hashindi."

"Basi mbona unacheza?"

"Nyamaza, njoo tucheze."