Mashine ya CD Isiyo na Betri

Ile mashine yangu ndogo ya CD haikuwa na betri. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya mume wangu, mbele ya wifi yangu, na mara moja mbele ya padri, ambaye wala hakuwa ameniuliza.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimeolewa mwaka huohuo, na katika soko la vitu vilivyotumika nilipata mashine ya rangi ya fedha, ya mviringo kama kisahani, yenye klipu ya kuning'iniza kiunoni. Nyumbani ilipiga vizuri. Lakini tuliishi Majengo, na barabara zetu ni mawe ya volkano: kila hatua diski iliruka, mwimbaji akarudia neno moja kama mwenye kigugumizi. Betri nazo zilikwisha kabla sijafika kazini. Mtu mwenye akili angeiacha mashine nyumbani. Mimi nilikuwa na diploma. Nilitoa betri, nikabaki na mashine kiunoni na ekuteri masikioni, zile kubwa za kusikilizia, zenye sponji. Ilikuwa nyepesi zaidi, na watu walinipisha njia.

Nilitingisha kichwa pia. Nilifuata muziki ambao haukuwapo, na siku moja niligundua kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nikifuata mwendo wa mashine ya jirani ya kusaga mihogo.

Wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, alikuwa anakaa Munigi, nje ya mji, na bado anakaa huko. Siku moja alikuja na rafiki yake wa kanisani kunitazama mimi bibi arusi. Nilikuwa uani nachambua maharagwe, ekuteri masikioni. Waliketi hatua tatu kutoka kwangu.

"Kaka yangu ameoa diplome," wifi akasema. "Bugali yake umeionja? Ile unaweza kuzibia tundu ya bati."

"Shii, atasikia."

"Atasikia wapi? Angalia kichwa. Iko ndani ya muziki yake."

Ningefanya nini? Kukasirika kungekuwa kukiri kwamba kiunoni nimevaa sahani tupu. Nikaendelea kutingisha kichwa, kwa nguvu zaidi.

"Hiyo wimbo anaipenda sana," rafiki akasema.

Nafikiri nilizidisha, maana wifi alipoaga alinitazama sana. "Wifi, ulikuwa unasikia maneno yetu?"

"Maneno gani?" nikamjibu, nikivua ekuteri polepole kama mtu aliyetoka mbali.

Tangu siku hiyo, kila alipokuja nilimpa chai, mkate na mayai ya kukaanga. Kamwe si bugali. Mtu wa nje angeona ni heshima. Kwetu, anayepewa chai na mkate ni mkaguzi wa shule au mtu wa shirika la misaada. Ndugu huvutiwa kiti, akanawa mikono, akala bugali na wenzake. Nilijua vizuri nilichokuwa nikifanya. Yeye pia alijua. Akapunguza kuja, kisha akaacha kabisa. Mume wangu aliponiuliza kwa nini nasi hatuendi kwake, nilimwambia barabara ya Munigi ina vumbi. Miaka hiyo, naomba radhi, nilikuwa naandika makala juu ya ukweli katika familia.

Mwaka huu binti yetu akapata mchumba. Familia ya kijana ilikuwa ije Jumamosi, na katika ukoo wa mume wangu binti hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono na kumleta mbele ya wageni. Shangazi ni mmoja tu. Mume wangu alimpigia simu, naye akajibu kwa upole kwamba hatakuja. Nyumba ambayo yeye ni mgeni, alisema, hawezi kutoa mtoto ndani yake.

"Mama, shangazi ulimukosea nini?" binti akaniuliza.

"Sijamkosea kitu."

"Basi yeye alikukosea nini?"

Nimefundisha watu kujenga hoja kwa nusu ya maisha yangu. Nikamwambia barabara ya Munigi ina vumbi.

"Sasa mimi nitakaa mule chumbani mpaka Pasaka?" akasema. "Wakwe watanipitishia chakula dirishani?" Akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia.

Alhamisi asubuhi nikampigia wifi. Nilianza na hali ya hewa, nikapita kwenye bei ya makaa, nikafika kwenye vumbi.

"Wifi," akanikata, "kama ni vumbi, iko palepale. Sema."

"Siku ile ya maharagwe, mashine haikuwa na betri. Nilisikia yote."

Kisha ikaja sauti ya kukwaruza, nikadhani mtandao umeharibika. Alikuwa anacheka.

"Na kile kichwa ulikuwa unatingisha?"

"Nilikitingisha bure."

"Mama yangu! Na mimi nilikuwa nasema ni sababu sikusoma. Nilikuwa naambia watoto wangu: muke wa kaka yangu ananilisha kama muzungu, hataki tuguse sahani moja."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka yote nilijiona mimi ndiye niliyedharauliwa, na ilinipendeza kujiona hivyo.

"Nisamehe, wifi," nikasema.

"Na mimi, neno langu lilikuwa mubaya. Lakini wifi, ile bugali ilikuwa nguvu kweli."

"Ilikuwa ngumu," nikakubali.

"Nitafika kesho muchana, nilale hapo. Chai yako sinywi. Songa bugali, na kama itakushinda, uniachie mwiko, nitamalizia."

Nikasema ndiyo, mara mbili.

"Haya. Sasa unipatie mutoto wangu kwa simu."