Upande wa Mudathiru kwenye sinia

Mudathiru hushona kanzu pale Kamembe, nami nauza viatu kwenye baraza hiyo hiyo. Ni mtu wa maringo, nisiwafiche: hata akipiga pasi anataka watazamaji. Asubuhi moja, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya mabati, cherehani yake ilinyamaza katikati ya mshono. Nikageuka. Kikombe cha chai kilikuwa chini, mkono wake wa kulia unaning'inia, na mdomo umekwenda upande. Alitaka kuniambia kitu, yakatoka maneno yaliyolegea, ya mtu aliye usingizini.

Huku kwetu kuroga ni kumtilia mtu sumu, na mtu akianguka na kikombe mkononi, sote huwa madaktari wa sumu. Mkewe, Uwamwezi, alitoka mbio nyumbani kwao nyuma ya baraza, na bakuli la maziwa ya kuvunja sumu.

"Bamemuroga! Mumushike kichwa, anywe!"

Majirani walikuwa wameshamshika. Elikia, mama wa Bukavu aliyevuka mpaka pale Rusizi II kuja kuchukua kitenge chake, alilipiga lile bakuli likamwagika lote.

"Musimupe kitu! Mama yangu tulimunywesha vile, maziwa ikaingia mu mapafu. Papa Mudathiru, cheka nikuone. Inua mikono yote mbili." Ukainuka mmoja. "Hii si sumu, ni AVC. Muite gari sasa hivi!"

AVC ndicho kiharusi. Gari likapatikana, akafika hospitalini mapema, na daktari akasema kuwahi kule ndiko kulikomwokoa. Yale maziwa yalinuka barazani siku nzima, na hakuna aliyelalamika.

Baadaye Mudathiru alinisimulia kwamba siku zile za hospitali alikuwa chini ya ziwa. Juu, mbali, alisikia cherehani yake ikishona maji. Akauona mkono wake wa kulia unaelea, unavuka mpaka peke yake bila kitambulisho. Akauita, haukugeuka. Nadhani bado huota hivyo, maana hukaa akilitazama ziwa mpaka chai inapoa.

Aliporudi nyumbani mguu uliburuta lakini ulikwenda, na maneno yakarudi moja moja. Mkono ukagoma. Mwislamu hula kwa mkono wa kulia, basi imamu alikuja mwenyewe kumwambia kwamba mgonjwa anaruhusiwa wa kushoto. Mudathiru akaitikia vizuri kabisa, kisha akaendelea kula kwa kijiko nyuma ya pazia, peke yake.

"Siwezi kuikala ku sinia niko nusu muntu," alisema.

Uwamwezi hakubishana. Kila mchana alipakua sinia la familia, kila mmoja akala sehemu iliyo mbele yake, na upande wa mumewe ukarudi jikoni mzima. Mimi iliniudhi. Nikamwambia apakue kidogo.

"Ule upande ni yake," alinijibu. "Wewe uza viatu."

Hospitalini walimfundisha mazoezi ya vidole. Nyumbani akayafanya kwa vifungo vya shati, akiviokota mezani na kuvitia kwenye kopo. Vilianguka. Nilivisikia vikigonga sakafu kama mvua ya kwanza kwenye bati, halafu siku nyingine kopo zima likarushwa ukutani, na Uwamwezi akainama kuokota. Niliomba kwa Yesu wangu, wao wakaomba kwao.

Siku ya Idi nilialikwa. Pilau ilitua mkekani ikifuka moshi, upande mmoja hauna mtu. Pazia likasogea. Mudathiru akatoka na kanzu nyeupe, akaketi mahali pake, na kila mkono ukasimama, maana hakuna anayeanza kabla ya mwenye nyumba.

Kwa mkono wa kushoto aliunyanyua wa kulia, akautua kwenye wali, akauachia. Vidole vikalala pale. Nikayaangalia magoti yangu, sikuweza kutazama. Nilipoinua macho, vidole vilikuwa vimejikunja. Tonge likapanda polepole, likimwaga njia nzima, wali ukamjaa kifuani, yeye na maringo yake yote. Mdomoni ziliingia punje chache. Alizitafuna muda mrefu.

Hakuna aliyesogea. Akatutazama, amekasirika.

"Muna... ngoja nini? Chakula iko inapoa!"

Ilikuwa imepoa kweli. Tuliila hivyo hivyo, Uwamwezi akilia bila kujificha, na sinia liliporudi jikoni upande wa Mudathiru ulikuwa na shimo.