Kadi ya USB Iliyomharibia Fundi Jina

Jumanne tulimzika fundi wetu wa kompyuta, shambani kwao Endamarariek, na tangu siku hiyo sijatulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Pale kaburini walizungumza watu sita; nilirudia kuwahesabu, ni sita. Wa tano alikuwa mkuu wa shule mstaafu, naye kwa upendo kabisa akasema: "Marehemu alikuwa binadamu kama sisi. Siku moja alituangusha na ule mfumo wake wa bure, lakini tulimsamehe." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwongoza shughuli akauliza mara mbili kama kuna mwingine mwenye neno. Mara zote mbili nilinyamaza.

Kwa wasiomjua: miaka ile lami ilipokuwa ndiyo kwanza inafika Karatu, kompyuta zilitufikia zikiwa zimechoka, zawadi za watalii waliokwisha kuiona kreta. Nyingi zilikuwa na tundu moja tu la USB, nalo limelegea. Fundi alizifufua kwa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule usiouzwa, ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Shida ilikuwa moja: si kila kadi ya kuongeza matundu ya USB ilipatana nao. Watengenezaji walikuwa wakibadilisha chipu ya ndani bila kugusa picha ya kwenye boksi. Kwa hiyo fundi hakusoma boksi. Alisoma maandishi madogo mgongoni mwa chipu, kwa lenzi ya fundi saa, huku muuzaji akiguna.

Shule ya yule msemaji wa tano ilikuwa na kompyuta moja ya kuchapia mitihani, na printa mpya isiyotaka tundu bovu. Mkuu wa shule alikuwa ameahidi kwamba mitihani ikitoka salama, atamsemea fundi kwa wenzake, kuanzia Ganako hadi Piyaya, ili shule zao nazo ziwekewe mfumo ule na yeye azihudumie. Mimi nilikuwa nakwenda Arusha. Fundi akaniandikia jina la chipu kwenye karatasi. "Kaka, fungua boksi. Isipokuwa hiyo, rudi mikono mitupu." Dukani nikaambiwa, "Kaka mkubwa, ukifungua umenunua. Zote ni zilezile, na hii nakushushia bei." Kushushiwa ndio ugonjwa wangu. Nilimshusha mara tatu, nikatoka napiga mluzi, boksi limefungwa kama lilivyotoka kiwandani.

Mtihani ulikuwa kesho yake, fundi akaifunga kadi kwa haraka bila lenzi, akiamini niliikagua dukani. Kompyuta iliitambua kadi, ikayataja matundu yote manne bila kukosea. Printa ilipochomekwa ikatoa ukurasa mmoja na nusu, kisha kila kitu kikaganda. Fundi akawasha upya. Safari hii nusu ukurasa. Akachomoa kadi, akaweka lenzi jichoni, halafu akanitazama mimi.

"Ulifungua boksi kule dukani?"

"Nilifungua."

Hakuuliza tena. Alimgeukia mkuu wa shule akasema, "Nimekosea mimi, Mwalimu." Maswali ya mtihani yakaandikwa ubaoni, wanafunzi wa nyuma wakinyoosha shingo kama twiga. Wiki iliyofuata kompyuta ikawekewa nakala ya wizi ya mfumo wa kulipia, ikajaa virusi kabla ya likizo. Ganako hawakumwita, Piyaya hawakumwita. Akabaki kufunga redio kwenye magari ya watalii. Siku moja tukinywa chai alisema tu: "Mnadani unamfungua mbuzi mdomo, unahesabu meno mara mbili. Boksi lilikung'ata?" Nikacheka. Hiyo ndiyo radhi pekee niliyowahi kumwomba.

Siko peke yangu. Mji wetu umejaa vitu vilivyofika ndani ya boksi: simu, betri, buti za kupandia mlima. Tunabishania bei hadi jasho linatutoka, na ni nyumbani ndipo tunapouliza tumenunua nini. Kitu kikigoma tunamlaumu aliye karibu, au tunaulaumu mfumo kwa sababu ulikuwa wa bure. Mfumo ule haukuwa na kosa. Kosa lilisafiri kutoka Arusha likiwa limepakatwa nami.

Juzi nilimwendea mjane, nikamweleza yote. Alikuwa anapukuchua mahindi, na hakuacha kupukuchua.

"Shemeji, nilijua. Kadi ile alinionyesha, na jina alilokuandikia akaniambia. Mwambie Mwalimu."

"Nitaandika gazetini."

"Kwani Mwalimu alimsemea gazetini? Alimsemea mbele za watu."

Basi nimeandika, na bado sijamaliza. Jumapili kuna ibada ya shukrani pale pale nyumbani kwake, na nimeomba nafasi ya kusema, Mwalimu akiwepo. Nilichojifunza, kwa kuchelewa, ni kwamba anayetumwa na fundi hubeba jina la fundi mfukoni. Jina lile halikuwa langu, hata nilishushe bei.