Kiti cha Mukendi

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kwa viti vyake. Vilikuwa kumi na kimoja, vya plastiki, vimepangwa duara katika darasa la watoto nyuma ya kanisa moja hapa mtaani kwetu Manika. Watu tulikuwa tisa. Nilihesabu tena, maana ndivyo nilivyo: nimeuza vipuri vya pikipiki sokoni tangu ujana, na muuza vipuri asiyehesabu mara mbili hurudi nyumbani na mfuko wa misumari.

Nilifika pale na rafiki yangu Mukendi, mwashi, mtu wa mikono mikubwa na sauti ndogo. Sote wawili tulikuwa walevi wa lutuku, ile pombe kali inayopikwa uani. Tulikuwa tumezunguka kwanza kutafuta msaada. Chumba kimoja cha maombi kilitupaka mafuta, tukatoka tunang'aa, na kiu yetu iking'aa nasi. Mwishowe muuguzi wa zahanati, Mama Ngoie, aliyatazama macho ya Mukendi yalivyoanza kuwa manjano. "Ini yako haitangoya," akamwambia. "Jumamosi, saa nane, nyuma ya kanisa, kuko batu banaacha pombe pamoja. Muende bawili, mumoja asikimbie."

Kikao kiliongozwa na Tata Kasongo, mzee aliyestaafu mgodini. Nikamwuliza vile viti viwili vitupu ni vya nani.

"Benyewe batakuya."

"Siku gani?"

"Hatujue. Kiti iko."

Hiyo ndiyo desturi yao: ukishakaa mara moja, kiti chako hupangwa kila Jumamosi, uwepo usiwepo. Nilicheka moyoni. Sokoni ukichelewa kidogo tu, meza yako imeshakaliwa.

Zamu yangu ya kusema ilipofika, nikafanya kazi ninayoijua, nikaomba kupunguziwa. "Tata, lutuku mi naacha leo. Lakini munkoyo muniachie, ni kinywaji ya batoto."

"Munkoyo ya siku ngapi?"

Wakacheka wote, hata Mukendi. Wewe umekulia hapa, unajua: munkoyo wa leo ni mtamu, mtoto hunywa akaenda kucheza. Wa siku nne umeshachacha ukawa pombe, hukuimbisha kwaya nzima peke yako.

"Na unapatana na nani?" Tata Kasongo akaniuliza taratibu. "Hapa hakuna muuzaji."

Tulikwenda Jumamosi tatu. Ya nne nikamwambia Mukendi kwamba wiki tatu si mchezo, tusherehekee. Nikampeleka kwa mama mmoja auzaye munkoyo. Ndoo niliichagua mwenyewe. Niliuliza ni wa siku ngapi, na nilipojibiwa nne, nikasema sawa. Sikukosea hesabu, mwanangu, nataka ulijue hilo. Kabla jua halijashuka Mukendi alikuwa amevuka njia na kuingia kwa muuza lutuku, na mimi nyuma yake.

Aibu ikatuweka mbali na kikao kwa miezi. Kisha siku moja akaja mezani kwangu, mkanda wa suruali umemzunguka kiuno karibu mara mbili.

"Ndugu, Jumamosi tuende kule."

"Jumamosi ni siku ya soko. Ile ingine."

"Peke yangu siwezi kuingia. Ni weye uko na kinywa."

"Ile ingine, nimesema."

Wiki iliyofuata akaja tena, nami nikamjibu vilevile, nikiendelea kufunga boliti katika karatasi. Hakubishana. Mukendi hakujua kupatana; neno la kwanza utakalomtajia, hilo hilo atalipokea. Nilimjua hivyo tangu siku nyingi.

Mara ya tatu haikuwepo. Tulimzika Alhamisi. Jumamosi yake nilimwacha mteja amesimama na mnyororo mkononi, nikafunga meza, nikaenda nyuma ya kanisa. Wale wawili ambao viti vyao nilivikuta vitupu siku ya kwanza walikuwa wamekaa, wananitazama. Nikahesabu viti: kumi. Nikarudia: kumi.

"Ya kwako iko," akasema Tata Kasongo. "Ya mwenzako nimetoa jana, mi mwenyewe." Kilikuwa nje, kimeegemezwa ukutani. Kisha akaongeza, bila kunikaripia, na heri angenikaripia: "Alikuya mara mbili. Alisimama pale ku barabara, akaangalia kama uko ndani. Akarudi."

Sasa nakwambia waziwazi, kwa kuwa mama yako ameniambia unapoishia kila jioni. Kikao kipo, na nimekwisha kukuonyesha mlango. Nenda wiki uliyoshinda, nenda zaidi wiki uliyoshindwa. Usiombe kupunguziwa kinywaji hiki wala siku ile. Utakuwa unajidanganya mwenyewe, na utafaulu, maana una akili. Na mtu akikwambia "tuende," acha ulichoshika, uende. Mimi katika mji huu hakuna bei nisiyoweza kuishusha, lakini zile Jumamosi mbili hakuna aliyekubali kunirudishia.

Mungu akupe miguu ya kuuvuka mlango ule, akupe na wa kuuvuka naye, akilinde kiti chako hata siku utakazokosa. Kesho ni Jumamosi. Nitakupitia saa saba na nusu. Ni mapema, najua, lakini mimi hupenda kuhesabu viti kabla watu hawajakaa.